Kanzu za Behewa la Chai

Baba alikuja Johannesburg na sanduku moja na kikohozi kisichokwisha. Mama alikuwa amefariki Tanga, nyumba imemzidi ukubwa, na ndugu zangu wakakubaliana akae kwangu, mimi binti yake, mpaka moyo utulie. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Chumba cha mbele ndicho ninachoshonea, vya nyuma ndimo ninamolala na kupika. Wateja wangu ni wanawake wa Kikongo wanaotaka nguo za kanisani, Watanzania wenzangu wanaotaka madera na kanzu za Idi, na wenyeji wanaoleta suruali zipunguzwe.

Baba alikuwa dereva wa treni. Kwetu neno hilo halikutamkwa ovyo. Babu alikuwa mtu wa genge, wale waliokuwa wakishindilia kokoto chini ya mataruma kwenye njia ya Korogwe na Moshi, wakubwa wa kazi wakiwa Waingereza. Baba akaanza kwa kufuta masizi kwenye injini, akapanda akawa fayamani, mchochea moto, na baada ya uhuru, nchi ilipopata pumzi, akakabidhiwa injini. Zilikuwa injini za mvuke zilizoundwa Uingereza, na alizipenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani hasira yangu ni ya kuchukia treni. Nimekula treni, nimesomeshwa na treni, nimelala nikisikia honi yake na kujua kuwa baba amerudi salama.

Siku aliyopata nguvu ya kutoka nje aliniuliza, "Treni zenu zinapita wapi?"

Nilijaribu kumzungusha. Nikamwambia twende sokoni, twende msikitini, twende tukaone majengo marefu. Hakukubali. Basi nikampeleka kwenye stesheni moja ya abiria, si mbali na kwetu. Paa lilikuwa limeng'olewa bati. Nyaya za umeme juu ya njia zilikuwa zimekatwa na kubebwa, na mahali pa dirisha la tiketi palibaki tundu jeusi lililonuka mkojo. Majani yalikuwa yameota kati ya reli mpaka magotini. Baba alisimama ukingoni mwa jukwaa, mikono nyuma, kama anavyosimama makaburini.

"Nani kafanya hivi?"

"Wezi, baba. Na wale waliowaachia wezi nafasi."

"Na watu wanakwendaje kazini?"

Nikamwonyesha barabarani. Wanawake walikuwa wakipita kwa miguu, mifuko kichwani na viatu vya kazini mkononi.

"Kuna treni nyingine," nikasema. "Ya kasi. Inakwenda Sandton, Midrand, mpaka uwanja wa ndege. Lakini hiyo si ya hawa."

Tulifika kwenye robot ya kona yetu, tukasimama kungoja taa igeuke kijani. Hapo akasema, "Mkoloni alikuwa na daraja la tatu. Nyinyi hata la tatu mmelifuta." Nilitaka kumwambia kwamba si sisi, sisi ni wageni tu hapa. Nikaona haina maana.

Haukupita muda mrefu, akaja yule Mwingereza. Alikuwa mzee wa umri wa baba, mrefu, mkavu, masikio makubwa, mwenye adabu ya kuvua kofia mlangoni. Mpishi wake alikuwa mteja wangu, ndiye aliyemwelekeza. Alikuwa na chama, akaniambia, cha wapenzi wa reli za Kiingereza. Walikuwa na injini moja ya zamani na mabehewa machache katika karakana nje ya mji. Waliisugua, waliipaka rangi, na mara chache kwa mwaka waliiwasha wakaiendesha kipande kifupi cha njia na kurudi, wakinywa chai na kula keki, bendera ndogo ndogo zikining'inia madirishani. Safari hii walikuwa wakiandaa sherehe kubwa. Alitaka makoti ya stesheni masta, vizibao vya magadi wa treni, mapazia ya mabehewa.

Akanitolea picha. Akanieleza jinsi kola inavyokaa, jinsi bitana inavyotakiwa kuwa ya kijivu na si nyeusi, jinsi vifungo vya shaba vinavyopaswa kuwa na umbali ule ule. "Sisi tunafuata historia," alisema. "Kitu kikikosewa, watu wetu wanajua." Nilipenda hilo. Fundi hupenda mteja anayejua anachotaka.

Kisha akanisikia nikizungumza na baba, macho yakamng'aa.

"Jambo!" akapaza sauti. "Lete chai! Upesi!"

Akacheka kwa furaha kabisa, kama mtoto aliyeokota kitu alichokipoteza. Akatueleza kwamba alizaliwa Uingereza lakini alilelewa Afrika Mashariki, baba yake akiwa bwana mkubwa wa reli, na kwamba waliondoka kuja huku kusini bendera zilipobadilishwa. Kiswahili alichobaki nacho alitumwagia chote pale pale: lete, toa, ngoja, kimya, haraka, safisha, funga mlango. Alikuwa na neno "maji moto". Alikuwa na neno "mpumbavu". Nilisikiliza nikingoja "tafadhali", nikangoja "samahani", nikangoja "shikamoo". Hayakuja. Lugha yangu yote, yenye mlango wa mbele na wa uani, yeye alikuwa ameingizwa jikoni tu, na hata huko alifundishwa kuamuru.

Baba alicheka naye. Alipoondoka nikasema, "Baba, umesikia Kiswahili kile?"

"Alikuwa mtoto. Mtoto husema anachokisikia kwao."

"Sasa ana mvi."

"Na mimi pia," akasema baba, akarudi kwenye kiti chake.

Sitasema uongo: yule mzee alimfaa baba. Alianza kuja bila hata kuwa na nguo ya kujaribu. Walikuwa wakikaa wawili chumbani mwangu cherehani ikilia, wakizungumza kwa Kiingereza, cha baba kikiwa cha kuungaunga, juu ya miteremko na madaraja, juu ya namna injini inavyougua mvua ikinyesha. Baba alikuwa akiinuka na kuigiza kwa mikono jinsi alivyokuwa akivuta mpini. Kikohozi kilipungua. Akaanza kula. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo, kile kinachoanzia puani. Kwa hiyo kila yule Mwingereza aliposema "lete" nilimeza mate nikaendelea kushona.

Siku moja akatuchukua kwa gari lake hadi kwenye karakana nikapime mapazia. Injini ilikuwa nzuri kweli, ya kijani, shaba yake ikimetameta. Baba alikwenda akaweka kiganja ubavuni mwake, akakiacha pale. Mimi niliingia kwenye behewa la kwanza na futikamba yangu. Viti vilikuwa vya ngozi, taa za kioo, harufu ya nta ya mbao. Juu ya mlango, chini ya rangi mpya, niliona matundu ya skrubu yaliyozibwa na alama ya kibao kirefu kilichokuwa hapo. Nikamuuliza kilikuwa kibao cha nini.

"Ah," akasema, "hicho tulikitoa. Unajua nchi hii ilivyokuwa. Kilikuwa kinasema nani apande behewa hili na nani asipande. Hakipendezi. Hatukutaka kumkwaza mtu."

Nikasema ni vizuri. Na nilidhani ni vizuri.

Sherehe ilipokaribia akaja na agizo la mwisho. Alitaka kanzu mbili nyeupe, tupu, bila darizi, na mishipi miwili mipana myekundu ya kufunga kiunoni. Tarbushi nyekundu alikuwa nazo tayari. "Ni za behewa letu la Afrika Mashariki," alisema, "behewa la historia." Moja alitaka iwe ya mtu wa kimo cha baba. Nilifikiri ni kwa ajili ya masanamu, yale ya dukani yasiyo na kichwa, ambayo nilikuwa nimeyaona yamevalishwa sare kule karakana. Baba naye alifurahi. "Wanataka kuonyesha watu wa kwetu," akasema. Nilishona kanzu zile kwa pamba nzuri, nikazipiga pasi kama ninavyopiga ya Ijumaa.

Baba naye akaniomba jambo, kwa aibu kidogo, akiangalia dirishani. "Ukibaki na kitambaa cha buluu, nishonee koti. Kama lile la kazini."

Hakuwa na picha. Alinielekeza kwa vidole kifuani mwake: mfuko hapa, mwingine hapa, kola fupi isiyoshika moto, mikono mipana ya kukunja. Nilimshonea, na kofia yake. Alipolivaa mbele ya kioo alinyooka. Akaniambia, "Mama yako angelijua hili gizani kwa kulishika tu."

Siku ya sherehe tulifika mapema kwenye jukwaa la karakana. Watu walikuwa wengi, wazee kwa wajukuu, wengi wao weupe lakini si wote. Kulikuwa na familia za Kihindi, kulikuwa na wenyeji weusi waliovaa vizuri na kupiga picha na injini. Makoti yangu yalikuwa kila mahali. Nilimwona stesheni masta akitembea, kola imekaa sawasawa, na nilijisikia fahari. Wimbo wa zamani wa Kiingereza ulikuwa ukipigwa kwenye spika. Injini ilikuwa imeshawashwa na inapumua. Baba, katika koti lake la buluu, aliivuta ile harufu ya mvuke na mafuta akafumba macho.

Yule Mwingereza akatujia akiwa na sare ya mkaguzi mkuu, uso umemwiva kwa furaha. Mkononi alikuwa na kanzu yangu moja, imekunjwa, mshipi mwekundu na tarbushi vimewekwa juu yake.

"Rafiki yangu!" akamwambia baba. "Umefika. Hii ni yako. Vaa, tunaanza kugawa chai."

Baba hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu nyuma ya yule Mwingereza, mlangoni mwa behewa la chai, lile aliloliita la historia, nilimwona mlinzi wa ile karakana, kijana wa Kikongo tuliyesalimiana naye siku ile ya kupima mapazia. Amevaa kanzu yangu ya pili. Mshipi kiunoni, tarbushi kichwani, kitambaa cheupe mkononi, na sinia la vikombe.

"Yangu ya nini?" baba akauliza.

"Ya kuhudumia! Kama zamani. Wewe ndiye wa kweli, unatoka kule kule. Watu watafurahi mno. Utasema, 'Chai, bwana?' na mimi nitakujibu kwa Kiswahili."

Baba akagusa kola ya koti lake. "Mimi nilikuwa dereva," akasema.

"Najua, najua. Lakini sherehe yetu ni ya kabla ya uhuru. Wakati ule hapakuwa na dereva Mwafrika kwenye injini kama hii. Tungekuweka huko juu tungekuwa tumekosea." Akatabasamu, kama mtu anayeeleza jambo la kusikitisha lisilo na mwenyewe. "Tunafuata historia."

Nimeambiwa maneno mabaya katika mji huu. Nimeitwa mgeni, nimeambiwa nirudi kwetu, nimesukumwa kwenye foleni. Hakuna lililonichoma kama lile lililosemwa kwa upole, kwa tabasamu, na mtu aliyekuwa ameshika nguo niliyoipiga pasi kwa mkono wangu.

Nikaingilia kati. Baba alinishika kiwiko, nikakichomoa.

"Historia gani?" nikamuuliza. "Kile kibao cha juu ya mlango si historia? Mbona mlikitoa?"

"Mama, hilo ni jambo jingine. Kile kilikuwa kinaumiza watu."

"Na hiki?"

"Hiki ni vazi tu. Vazi zuri. Umelishona mwenyewe."

"Wale pale," nikasema, nikiwaonyesha wenyeji waliokuwa wakipiga picha, "kwa historia yako wangekuwa wapi? Wangeruhusiwa kukalia viti vile vya ngozi? Leo mmewauzia tiketi na kuwakaribisha, na mmefanya vyema. Basi historia inapindika. Mnaweza kung'oa skrubu. Imekuja kushindikana kwa baba yangu tu?"

Watu walianza kugeuka. Bwana mmoja mwenye kizibao cha gadi, kizibao changu, akasema tusilete siasa, ni siku ya familia. Neno hilo siasa! Kumvisha mzee wa watu nguo ya mtumishi na kumpa sinia si siasa. Kuuliza kwa nini, hiyo ndiyo siasa.

"Unajua kanzu ni nini?" nikamwambia yule mzee. Sauti yangu ilikuwa imepanda na sikuishusha. "Ni vazi tunalokwenda nalo kusali. Ni vazi la bwana harusi. Baba yangu alivaa kanzu siku alipomuoa mama, na alivaa kanzu siku alipomzika. Nyinyi mliiona ikibeba chai mkafikiri imeshonwa kwa ajili ya chai."

Sijui kama alinisikia. Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa, wa mtu aliyeleta zawadi ikatupwa chini. Akamgeukia baba, mwanamume kwa mwanamume, na bila shaka bila kufikiri, kile Kiswahili cha utotoni kikamtoka. "Ngoja," akasema. "Kimya."

Alikuwa akimaanisha mimi ninyamaze. Lakini alikuwa akimtazama baba.

Baba akaipokea ile kanzu kutoka mikononi mwake. Nikadhani anakwenda kuivaa. Akauondoa mshipi na tarbushi, akaviweka taratibu juu ya ngazi ya behewa, akaikunja kanzu upya, vizuri, mikono ndani, akanipa mimi.

"Tunza hii," akasema. "Ni pamba nzuri."

Kisha akaondoka jukwaani.

Nilikwenda mlangoni mwa behewa la chai. "Ivue," nikamwambia yule mlinzi kijana. "Nimeishona mimi, naitaka."

Akanitazama kwa huzuni. "Mama, ni kazi tu. Mimi niko Mkristo, sijue mambo ya kanzu. Bamenipa, nikavaa. Nikikataa, batoto banakula nini?"

Hasira yangu ikagonga ukuta hapo. Sikuwa na haki ya kumvua mtu riziki mbele ya watu. Nilimwambia aniwie radhi, nikamfuata baba.

Nilimkuta nje ya uzio, amekaa kwenye majani makavu mkabala na njia, koti la buluu limejaa vumbi. Nilitaka twende nyumbani saa ile ile.

"Kaa," akasema. "Haijaondoka bado."

"Baba, unataka kuitazama?"

"Nimekuja kwa ajili ya injini. Injini haijanikosea."

Nikakaa. Na pale ndipo aliponisimulia habari ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, mimi mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa na mjomba, kaka yake mama yake, aliyefanya kazi katika behewa la chakula zama za Waingereza. Kanzu, mshipi mwekundu, tarbushi. Alikuwa mtu wa dini, aliyeisoma Qurani akahitimu, sauti yake ikiliza watu kwenye maulidi. Kazini walimwita kijana akiwa na watoto wakubwa. Siku moja bwana mmoja alimwagiwa mchuzi treni ilipoyumba kwenye kona, akamshika mjomba kanzu kifuani na kuitumia kujifutia mikono, akiendelea na mazungumzo yake na mkewe. Hakumpiga. Hakumtukana. Alijifutia tu, kama kwenye taulo.

"Tangu siku hiyo," baba akasema, "mjomba hakuvaa tena kanzu nje ya kazi. Ijumaa alikwenda msikitini na shati na suruali. Idi, shati na suruali. Watu walimsema. Walisema ameiga Wazungu, amejiona. Hata harusi ya binti yake alikaa mbele na suruali, wazee wakamnong'ona. Hakumweleza mtu. Alimweleza mama yangu tu, na mama akanieleza mimi siku ya maziko ya mjomba, aliponiona nashangaa kwa nini hakuwa na kanzu hata moja sandukuni."

Honi ikalia. Injini ikatoka, kijani, shaba ikiwaka jua, mvuke mweupe ukifunika uzio. Ilikuwa nzuri, na hilo lilinitia uchungu zaidi. Madirishani watu walipunga vitambaa. Baba hakupunga. Alisikiliza magurudumu, kichwa kimeinama upande, mpaka sauti ikaisha. Machozi yalikuwa yakimtoka, na sikujua ni ya nini, ya mjomba, ya mama, ya injini, au ya yote. Sikumuuliza.

Tulirudi nyumbani kwa teksi za watu wengi, za kubadilisha mara mbili. Njiani tulipita kandokando ya njia ya treni iliyokufa, nguzo zimesimama bila waya, na abiria aliyekaa karibu nami, mama wa Soweto mwenye sare ya usafi, akaona kofia ya baba akauliza kama ni mtu wa treni. Nikamwambia ndiyo, alikuwa dereva.

"Eish," akasema, "laiti tungempata sasa hivi."

Mimi niliiwaza ile mikono yote inayosugua shaba ya injini isiyokwenda popote. Wazee wale wana upendo, siwakatalii. Wanajua kila skrubu. Lakini wanapenda nini hasa? Wangependa treni, wangelia kwa hii iliyokufa mlangoni kwao. Wanachokililia ni mahali walipokuwa wamekaa ndani yake, na mtu aliyekuwa amesimama pembeni na sinia.

Baada ya wiki kadhaa yule Mwingereza akaja. Nilimwona dirishani akivuka barabara kutoka kwenye spaza, kile kiduka cha kona, kofia tayari mkononi, nikasema simfungulii. Baba akainuka akafungua mwenyewe. Mgeni ni mgeni, akasema, akamvutia kiti, akaniomba nichemshe chai. Nilichemsha. Nilimwekea kikombe mezani kwa kishindo.

"Nimekuja kusema nasikitika," yule mzee akaanza. "Tulikosa kuelewana siku ile."

Baba akafikiri kidogo. "Hapana," akasema kwa Kiingereza chake, neno moja moja. "Mimi nilikuelewa. Binti yangu pia alikuelewa. Sisi hatukukosa kuelewana."

Mwingereza akakizungusha kikombe chake. Akasema alikuwa akimpenda sana mzee mmoja wa behewa la chakula alipokuwa mdogo, mzee aliyekuwa akimfichia sukari. Kwamba alipofikiria sherehe alimfikiria yeye. Kwamba hakuwa na nia mbaya. Nilimwamini. Niliuliza jina la mzee huyo lilikuwa nani. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakulijua. Walimwita kwa neno lile lile walilowaita wote.

Kisha akasema alichokuja kusema. Anaweza kumpeleka baba karakana siku yoyote ya katikati ya wiki, wakiwa wawili tu. Watawasha moto. Baba atapanda juu ya injini, ataiendesha mwenyewe, hata kutwa nzima akitaka.

Niliitazama mikono ya baba. Ilikuwa juu ya magoti, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, vimeshika kitu ambacho hakikuwapo. Nilijua anavyotaka. Miaka mingapi hajagusa moto ule! Nilijikuta naomba moyoni akubali, mimi niliyepiga kelele kuliko wote.

"Na siku ya watu?" baba akauliza. "Siku ya bendera?"

Mzee yule alitazama sakafu, penye vipande vya vitambaa. Akasema wanachama wengine wana maoni yao, kwamba mambo haya yanahitaji muda.

"Basi," baba akasema kwa upole. "Kunywa chai, itapoa."

Alikunywa, akashukuru, akaondoka. Baba alimsindikiza mpaka barabarani kama tunavyosindikiza watu wote. Mimi nilibaki nimeshika mkasi, nikiwa nimejaa ghadhabu isiyo na pa kwenda. Tusi la sinia nilikuwa nimeshalijibu. Hili la pili sikuwa na jibu lake. Walimfanya baba yangu akatae injini. Walimwekea mbele kitu alichokipenda kuliko vyote vilivyobaki duniani, wakakifungia kwa siri, gizani, kama kitu cha kuonewa haya, na ili abaki mtu mzima ikambidi aseme basi.

Aliporudi ndani nikaanza kusema hayo, kwa sauti. Akaniinulia kiganja.

"Mwanangu, nimechoka. Nipikie ugali."

Nilipika. Alikula kidogo. Kabla ya mwezi kwisha alisema amekaa vya kutosha, moyo umetulia, anataka kurudi Tanga kwenye kaburi la mama, na ndugu zangu wakamtumia tiketi. Koti la buluu alilivaa safarini. Kanzu ile niliitia darizi kifuani, kazi ya mkono, nikampa mteja mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa anamwozesha mwanawe.

Chama bado kinanipigia simu. Wanataka makoti mengine. Wanasema hawajapata fundi anayeweza kola zile. Naliona jina likiwaka kwenye kioo cha simu, naiacha iite mpaka ikate, kisha nakanyaga cherehani.